Niliweka seva zijiwashe upya Sabato saa nne asubuhi, nikiamini Kisii nzima iko kanisani

Wakuu,

Kuna swali lilininyima usingizi siku tatu mfululizo, na mkicheka sitawalaumu.

Swali lenyewe ni hili. Nikiandika amri siku ya Alhamisi, halafu seva iliyo kwenye cloud, nchi nyingine kabisa, ikaitii amri hiyo Jumamosi asubuhi nikiwa nimeketi kanisani, je, nimefanya kazi siku ya Sabato?

Sisi Wasabato tumefundishwa kwamba siku hiyo hupumziki peke yako. Mtumishi wako pia apumzike, na mifugo yako. Nikawa najaribu kuipangia seva nafasi kwenye orodha hiyo. Si mtoto wangu. Si ng'ombe. Mtumishi je? Hapo nilikwama, nikageuka upande wa pili wa kitanda.

Nilishughulika na swali hilo mpaka sikuona lililokuwa mbele ya macho yangu. Ndiyo maana nimeamua kuandika. Haya ni yaliyonipata mwenyewe, na pale nilipokosea nitasema nilikosea. Majina pekee ndiyo nimebadilisha, kwa sababu mji wetu ni mdogo na watu wanasoma.

Nilimaliza chuo mwaka juzi, computer science. Nikakaa nyumbani Manga miezi kumi na moja, asubuhi nachuma majani chai na mama, mchana natuma maombi ya kazi. Hatimaye nikapata nafasi kwenye kampuni ndogo Kisii mjini. Ofisi ni chumba kimoja juu ya duka la magodoro.

Tuko watu watatu tu. Mwenye kampuni tunamwita Mwalimu, kwa sababu alifundisha hesabu miaka mingi kule Nyamira kabla ya kuingia mambo ya kompyuta. Ni mzee wa kanisa, Msabato kama mimi. Halafu kuna Bosire, fundi wetu mkongwe, Mkatoliki wa Kiogoro, mtu wa mzaha kutoka asubuhi hadi jioni. Na mimi, Kemunto, niliyekuwa kwenye mkataba wa majaribio wa miezi sita. Wakati wa kisa hiki nilikuwa nimebakisha wiki tatu.

Wateja wetu ni wa hapa hapa: shule kadhaa, chama cha wakulima wa majani chai kule Magwagwa, zahanati moja ya kibinafsi, na duka la dawa la Mama Hafsa hapa mjini. Mifumo yao iko kwenye seva kumi na moja tulizokodi cloud, yaani kompyuta za kampuni ya ng'ambo tunazozifikia kwa mtandao. Wao wanatumia, sisi tunazitunza.

Siku yangu ya kwanza kazini Mwalimu alinionyesha zote kwenye skrini, akaweka kidole kwenye moja. "Zingine zikilala, watu watanung'unika. Hii ya Mama Hafsa ikilala, mgonjwa anarudi nyumbani bila dawa."

Sababu ni kwamba Mama Hafsa ana wateja wa kudumu. Wa presha, wa sukari, wa kifafa. Kipimo cha kila mmoja kimo kwenye mfumo tuliomtengenezea. Zamani alikuwa na madaftari makubwa. Sisi ndio tuliomwambia ayaweke kando.

Sasa, kwa wasio wa fani hii: programu zina matundu. Kila baada ya muda waliozitengeneza hutoa patch, yaani viraka vya kuziba matundu hayo. Usipoviweka, siku moja mwizi anaingia kupitia tundu ambalo dunia nzima ilishaambiwa lizibwe. Ukiviweka, mara nyingi seva hulazimika kuzimika na kujiwasha upya, na hapo ndipo roho za watu wa kazi yangu hukaa mkononi. Huwa hujui itaamka vipi.

Miaka yote Bosire alikuwa akiweka viraka kwa mkono, akikumbuka. Na Bosire hakumbuki sana. Kuna seva zilikuwa zimepita mwaka mzima bila kuguswa.

Halafu Mwalimu akaenda mkutano fulani, akasikia habari ya mtu wa mji mwingine ambaye mafaili yake yote yalifungwa na majambazi wa mtandaoni. Tundu walilopitia lilikuwa na kiraka tayari, hakuna aliyekiweka. Mwalimu alirudi ofisini amenyong'onyea kama mtu aliyetoka matangani.

"Kemunto," akaniambia, "hii kitu ianze kujifanya yenyewe. Tuandikie policy."

Policy ni maagizo unayoiachia cloud. Unaiambia viraka gani vikubaliwe, visubiri siku ngapi baada ya kutoka ili kama ni vibovu wengine waumie kwanza, viwekwe kwenye kundi gani la seva, na kwenye dirisha gani, yaani siku gani na saa ngapi. Unaiambia pia kama seva ijiwashe upya bila kuuliza mtu. Mwisho unaiambia taarifa zimfikie nani.

Mtu wa kawaida angeweza kuimaliza kwa siku mbili. Mimi nilichukua wiki mbili na nusu. Nilinunua daftari la maswali tu. Viraka vikigongana? Umeme ukipotea Kisii wakati seva iko ng'ambo, inahusu? Nikifariki, nani ana nywila?

Bosire alilichungulia daftari lile akatikisa kichwa. "Huyu msichana akiona kivuli cha kuku anaandika ripoti ya tahadhari kuhusu mwewe."

Swali la dirisha ndilo lilikuwa gumu. Vitabu vyote vya kazi hii vinasema Jumapili alfajiri, maana watu wamelala na wakiamka ni mapumziko. Lakini huku kwetu Jumapili ni siku ya kazi kwa nusu ya wateja wetu. Wasabato wanafungua ofisi, chama cha majani chai kinapokea mzigo tangu asubuhi mapema. Bosire aliwahi kuzima seva Jumapili moja, akapigiwa simu na karani wa Magwagwa, akatukanwa kwa Ekegusii, lugha yetu, mpaka akaiweka simu mezani, akaendelea na kazi huku matusi yakitoka.

Mwalimu akakata shauri. "Weka Jumamosi saa nne asubuhi. Saa hiyo Kisii nzima iko kanisani. Hata kuku wametulia."

Nikamuuliza kuhusu lile swali langu la kazi na Sabato.

Akatabasamu. "Moiseke, binti yangu, mama yako akiloweka maharagwe Ijumaa mchana, yakiendelea kulowa Sabato, ni nani anayefanya kazi?"

Nikarudi kwenye meza yangu. Lakini moyoni nilijua maharagwe hayahitaji kujiwasha upya.

Basi nikaandika. Saa ya ile cloud iko nyuma ya yetu kwa saa tatu, kwa hiyo saa nne yetu ya asubuhi kwao ni saa moja. Nilihesabu kwa vidole mara sita. Nikatengeneza seva ya majaribio, nikaiwekea viraka, ikazimika, ikaamka. Nikarudia. Ikaamka. Nikarudia tena siku iliyofuata kwa sababu niliota haikuamka.

Kwenye sehemu ya taarifa niliweka namba yangu na barua pepe yangu. Zangu peke yake.

Hapa nataka kusema ukweli, kwa sababu hili ndilo linaloniuma zaidi. Cloud iliniruhusu kuweka watu wengi. Ningeweza kumweka Bosire, ambaye Jumamosi simu yake huwa hewani akipalilia migomba yake Kiogoro. Sikumweka kwa sababu sikutaka mtu aone kosa langu kabla sijaliona mimi na kulirekebisha. Nilikuwa na wiki tatu za mkataba.

Alhamisi jioni nikabonyeza Save. Ijumaa nikaenda Manga.

Kwetu, kabla jua la Ijumaa halijazama, mama hukusanya simu zote kwenye kikapu cha mayai na kukiweka juu ya kabati. Zimezimwa. Zinatoka jua la Jumamosi likizama. Imekuwa hivyo tangu tupate simu, na sijawahi kulalamika, maana ndiyo siku pekee kichwa changu hutulia.

Jumamosi saa nne nilikuwa kanisani. Nikatazama saa ya ukutani, nikangoja nisikie kitu moyoni. Sikusikia kitu. Dada mmoja alikuwa anasoma matangazo. Nikajiambia, ona sasa, wiki mbili na nusu umejitesa bure. Mchana nilikula mboga ya chinsaga na ugali, nikalala usingizi mzuri kuliko wa wiki yote.

Jua lilipozama mama alishusha kikapu. Nikawasha simu.

Simu kumi na tisa ambazo hazikupokelewa, zote za Mama Hafsa. Jumbe tatu zilikuwa za cloud zikiniarifu kwamba seva moja imejiwasha upya ila mfumo wake haujibu. Na ujumbe mmoja wa Mama Hafsa, wa saa saba mchana: "Kemunto mfumo umekufa tangu saa nne. Mwalimu hapatikani, na namba ya Bosire sina. Kuna baba wa Magwagwa hapa, mtoto ana kifafa. Nipigie ukiona."

Nilimpigia nikiwa nimesimama. Nilidhani atanifokea, na ningeshukuru kama angenifokea.

"Mama Hafsa, shikamoo. Samahani, nimeona sasa hivi."

"Marahaba. Huyu mzee bado yuko hapa," akasema, sauti ya chini, ya mtu aliyechoka. "Mtoto wake daktari anampandishia dawa kidogo kidogo kila mwezi. Ratiba iko kwa kompyuta yenu. Daktari mwenyewe nimempigia tangu asubuhi, simu imezimwa, nafikiri ni Msabato kama nyinyi. Siwezi kukisia dawa ya kifafa, Kemunto. Nikizidisha ni mimi, nikipunguza ni mimi."

"Amebakiwa na vidonge?"

"Cha mwisho kimeliwa asubuhi. Cha jioni ni saa mbili."

Ilikuwa saa kumi na mbili na dakika hamsini.

Nyumbani mtandao hushika vizuri nyuma ya zizi tu. Nilikaa pale juu ya ndoo iliyopinduliwa, laptop mapajani, mama amesimama karibu. Nilikosea nywila mara mbili.

Kumbe seva ya Mama Hafsa ilikuwa na diski ya pili. Zamani kidogo nafasi ilipokwisha, Bosire alimwongezea diski, akaiunganisha kwa mkono, data zote zikahamia huko. Alichosahau ni kuiandikia seva kwamba kila ikiamka iiunganishe yenyewe. Kwa kuwa seva ile haikuwahi kuzimwa tena tangu siku hiyo, hakuna aliyejua. Ilipojiwasha kwa amri yangu, ikaamka bila diski, mfumo ukatafuta data haukuona, ukakaa kimya. Ile seva yangu ya majaribio, niliyoiamsha mara zote zile, haikuwa na diski ya pili hata siku moja.

Kuiunganisha na kuandika ule mstari uliosahaulika kulinichukua dakika tisa. Mzee wa watu alikuwa amekaa kwenye benchi tangu saa nne na nusu asubuhi kwa sababu ya kazi ya dakika tisa.

Nikampigia Mama Hafsa. Nikasikia akibonyeza, kisha akisoma kipimo kwa sauti, taratibu, mara mbili. Halafu nikasikia sauti ya mwanamume ikishukuru kwa Ekegusii. Alipata bodaboda. Saa tatu kasoro Mama Hafsa alinitumia ujumbe kwamba amefika na mtoto amemeza. Amechelewa, lakini amemeza.

Jumapili asubuhi tulikutana ofisini watu watatu. Mwalimu naye alikuwa amekuta simu kumi na moja za Mama Hafsa ambazo hakuzipokea. Hakunikemea. Alisema tu, "Andikia Mama Hafsa ripoti. Nitaisoma kesho kabla haijaenda."

Alipotoka, Bosire alivuta kiti akakaa karibu nami. Safari hii hakuwa na mzaha mwanzoni.

"Ile diski ni yangu. Najua."

"Policy ni yangu," nikasema.

"Sasa sikiliza. Andika hitilafu ya muda upande wa cloud. Wateja wanaelewa hiyo. Wenye cloud wako ng'ambo, hawatapanda gari kuja Kisii kukugombeza."

Nilicheka bila kupenda. Na nikaiandika. Niliandika "hitilafu ya muda", nikaitazama. Nikafuta. Rasimu ya pili nilieleza mambo ya diski kwa maneno magumu kiasi kwamba hata mimi sikujiona humo ndani. Ya tatu ilikuwa kurasa nne, na nusu yake ilikuwa ya kuomba msamaha. Kila rasimu nilikuwa nafikiria mkataba wangu. Kisha nafikiria yule mzee. Kisha narudi kwa mkataba. Ni tabia mbaya, lakini ndivyo kichwa changu kinavyozunguka.

Saa nane nikafunga laptop bila ripoti, nikatembea hadi kwa Mama Hafsa. Ni mwendo wa dakika saba. Niliufanya kwa dakika ishirini.

Alikuwa anapanga maboksi ya dawa ya kikohozi. Akaniashiria nikae kwenye benchi. Nilijua ni benchi lile lile, nikabaki nimesimama.

Nikamwambia. Kwamba si cloud. Kwamba nilipanga mimi seva yake ijiwashe Jumamosi saa nne. Kwamba nilijaribu kwenye seva isiyofanana na yake. Kwamba taarifa zilikuja kwenye simu yangu peke yake, na simu ilikuwa imezimwa.

Alisikiliza hadi mwisho, boksi mkononi.

"Jumamosi saa nne," akasema. "Jumamosi ndiyo siku ninayouza kushinda zote. Watu wanashuka kutoka kila mahali. Mbona saa hiyo?"

"Tulifikiri Kisii nzima iko kanisani."

Mara tu maneno yalipotoka nikatamani kuyarudisha.

Akaliweka boksi chini. "Na mimi ni wa wapi?"

Akaelekeza kidole nje ya mlango.

"Babu yangu alifungua duka mtaa huu kabla Mwalimu wenu hajazaliwa. Amezikwa hapa. Baba yangu amezikwa hapa." Halafu akaniambia jambo lile lile kwa Ekegusii, safi kuliko changu, na wala hakuwa ananikejeli. Alikuwa anataka tu lifike.

Nilisema samahani. Lilikuwa neno dogo sana, lakini sikuwa na jingine.

Akanitazama kidogo, akacheka kwa pua. "Kaa basi, mwanangu, umesimama kama mtu wa mahakamani. Hukuniuliza, ndio kosa lako. Ungeniuliza ningekuambia."

Nikakaa. Nikamuuliza, kwa kuchelewa wiki tatu: ni saa gani hapa dukani pametulia kweli?

"Ijumaa. Saa saba kasoro tunafunga kwa ajili ya swala mpaka saa nane. Baba Hafsa na vijana wanakwenda msikitini, mimi naswali hapa nyuma. Tumefunga hivyo tangu nikiwa mtoto."

Wakuu, kila Ijumaa mimi hupita mbele ya duka hilo nikienda kununua chapati. Nimeuona mlango ule umefungwa miezi mitano. Sikuwahi kujiuliza kwa nini.

Nilipoinuka kuondoka akaniambia, "Sabato yako sikukatazi. Izime simu yako, umwabudu Mungu wako. Lakini usinipangie jambo saa ambayo wewe mwenyewe haupo."

Jumatatu nilimwambia Mwalimu kwamba hakuna ripoti ya kusoma, nimeshakwenda. Akavua miwani.

"Umekwenda kabla ya kuniuliza."

"Ndiyo, Mwalimu."

Akaipangusa miwani muda mrefu. "Ni sawa. Mimi ningekuchelewesha." Kisha akasema, kama anaongea na meza, "Ile saa nne nilikupa mimi. Nilipaswa kuitaja kwake mimi mwenyewe. Nitampigia."

Bosire alikuwa anasikiliza. "Na diski nani ataitaja? Ama tuiachie ibatizwe kwanza?" Lakini mchana huo aliteremka mwenyewe hadi kwa Mama Hafsa. Alirudi na dawa ya kikohozi aliyouziwa bila kuumwa.

Nikaanza upya. Safari hii maswali ya daftari sikujiuliza mimi mwenyewe. Niliwapigia wateja wote. Laiti ningejua mapema. Karani wa Magwagwa, yule wa matusi, ni mtu mpole ukimpigia kabla ya kumharibia. Aliniambia alasiri ya Jumatano magari yakishabeba mzigo yeye huwa anakunywa chai tu. Shule moja wakasema wakati wowote isipokuwa wiki ya kufungua. Zahanati wakacheka: "Sisi hatufungi, dada." Kwa hiyo zahanati haina dirisha lake, mmoja wetu anakwenda kukaa nao, wanaandika kwenye karatasi kwa robo saa, tunamaliza.

Seva ya majaribio sasa ni nakala ya seva yenyewe, diski zake zote na uchafu wake wote. Kwa Mama Hafsa na zahanati nimeondoa ile ruhusa ya kujiwasha bila kuuliza, viraka vinashuka vyenyewe lakini mtu ndiye anayebonyeza. Na taarifa zinatufikia watatu. Bosire anazilalamikia, na hilo linanifurahisha.

Ijumaa ya kwanza nilikwenda kukaa dukani. Saa saba kasoro Baba Hafsa akateremsha mlango wa chuma, wakaondoka. Mama Hafsa akaingia chumba cha nyuma. Nikabaki na rafu za dawa na mlio wa friji. Bosire alikuwa ofisini anatazama kutoka upande wake.

Nikabonyeza.

Seva ikapotea. Ni kama dakika mbili tu, lakini mnajua dakika mbili za namna hiyo. Nilikuwa naogopa, na nilikuwa pale. Nimegundua hayo mawili yanaweza kukaa pamoja.

Ikaamka. Diski zote mbili. Mama Hafsa alitoka akikunja mkeka wake wa kuswalia.

"Imekubali?"

"Imekubali. Lakini jaribu wewe mwenyewe."

Akavaa miwani, akatafuta majina matatu, akasoma vipimo vyao, akaridhika. Tulikaa hivyo tukizungumza habari za mvua mpaka wanaume waliporudi.

Mkataba wangu? Uliongezwa, ila sitaki mtu afikiri ndiyo maana nimeandika. Ningekuwa nimefukuzwa bado ningeandika.

Nilichojifunza ni kwamba wasiwasi si uangalifu. Mimi niliogopa kila kitu kwa wiki mbili na nusu, na sikumpigia simu hata mtu mmoja anayeitumia hiyo seva. Na ukisikia unasema "mji mzima uko mahali fulani", simama kwanza uhesabu ni nani umemtoa nje.

Wenye seva za kutunza, hasa nyinyi wa miji midogo, niambieni mnachaguaje saa. Zahanati isiyofunga mnaifanyaje? Na kama kuna mtu yuko kwenye majaribio ya kazi sasa hivi ana kosa amelificha kwenye rasimu ya tatu, aandike hapa chini, hatutamcheka.

Mimi lile swali langu la Sabato nimeshalifanyia uamuzi, na ile Ijumaa ya kwanza kabla jua halijazama niliutekeleza, nikamwonyesha Mwalimu skrini akaitikia kwa kichwa: hakuna seva yetu hata moja itakayojiwasha upya saa ambayo hakuna mtu wa kupokea simu. Dirisha la Jumamosi nimelifuta kwenye zote kumi na moja.